Kupima Ubora wa Maisha ya Mtu Mzima Mwenye Makengeza: Mwongozo Kamili kwa Anayefanya Kazi ya Macho Dar es Salaam

Ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii tunaijua wote: mapenzi hupunguza kasoro. Ila kwa sisi tunaokaa kliniki ya macho ina jambo jingine ndani yake. Wahenga walilihesabu kengeza kuwa dogo kiasi cha kufaa kuwa jina la kumpoza mwenye chongo. Na sisi wataalamu tumerithi hesabu hiyohiyo. Anakuja dada wa miaka 34 kutoka Mbagala, jicho la kushoto limekimbilia nje tangu utotoni. Haumwi, na jicho la kulia linaona mpaka mstari wa chini kabisa wa chati. Tunaandika namba ya prizimu (kioo cha kupimia jicho limepinda kiasi gani), tunamwambia, "Mbona unaona vizuri tu dada yangu?" Anashukuru, anaondoka. Hajatuambia kwamba dukani kwake Kariakoo wateja hugeuka nyuma kumtafuta mtu anayeangaliwa, wala kwamba picha ya kitambulisho aliikwepa mwaka mzima.

Mwongozo huu ni wa kumfanya aseme, na kwa kutumia hojaji kuyageuza maneno yake kuwa alama unayoweza kuilinganisha leo, baada ya upasuaji, na mwaka ujao. Nimewaandikia madaktari, wauguzi wa macho, wataalamu wa optometria na wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti.

Kabla ya hojaji: nani hapaswi kusubiri

Mtu mzima ambaye jicho lake limepinda ghafla, wiki hii au mwezi huu, usimkalishe na karatasi. Mishipa ya fahamu ya tatu, ya nne na ya sita ndiyo inayoendesha misuli ya jicho, na inaweza kulegea kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, ajali au uvimbe kichwani. Kope likiwa limeanguka, mboni imetanuka na kichwa kinauma vikali, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa kuwa mshipa wa damu uliovimba kwenye ubongo unaweza kuwa unaukandamiza mshipa wa tatu. Ugonjwa wa tezi ya shingo na ule wa misuli kuchoka haraka kadiri siku inavyokwenda nao huleta makengeza ukubwani.

Uliza pia kama anaona vitu viwiliviwili. Akisema ndiyo, mfunike jicho moja. Vikirudi kuwa kimoja kila unapofunika jicho lolote, macho hayaelekei pamoja. Vikibaki viwili hata jicho moja likiwa limefunikwa, tatizo liko ndani ya jicho hilohilo, mara nyingi ni mtoto wa jicho au konea (kioo cha mbele cha jicho), na hojaji ya makengeza haitamsaidia.

Kisha pima pembe kama kawaida, kwa kufunika na kufunua jicho huku ukiongeza prizimu, kwa mbali na kwa karibu. Huna prizimu? Tochi itakupa makisio: mng'ao ukihama milimita 1 kutoka katikati ya mboni, jicho limepinda kama digrii 7, yaani takriban prizimu 15. Iandike namba hiyo kwenye faili, halafu iweke pembeni. Pembe kubwa haimaanishi maisha magumu, na pembe ndogo haimaanishi nafuu.

Chagua hojaji

Inayotumika zaidi kwa watu wazima wenye makengeza ni AS-20, iliyochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Mayo Clinic, Marekani. Maswali yake yalitokana na mahojiano na wagonjwa wenyewe, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Ni sentensi 20: 10 za upande wa kisaikolojia na kijamii (wasiwasi wa watu wanafikiri nini, kujiona duni, ugumu wa kumwanzishia mazungumzo mtu usiyemjua) na 10 za utendaji (kufumba jicho moja ili uone vizuri, kukadiria umbali, kulazimika kupumzika kila mara unaposoma). Kila sentensi ina majibu matano, kuanzia haitokei kabisa hadi kila wakati. Fomu hupatikana bure kupitia PEDIG, mtandao wa watafiti wa macho wa Marekani.

Wapo watakaokushauri utumie VFQ-25, hojaji ya jumla ya uoni yenye maswali 25, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea. Kwa mwenye makengeza asiyeona viwiliviwili, mimi siishauri. Inauliza sana habari za kuona, na yeye anaona. Malalamiko yake makubwa ni kuonwa. Waholanzi nao wana yao, A&SQ, yenye maswali 26, inayochanganya makengeza na jicho vivu (jicho ambalo uoni wake haukukomaa utotoni); ni nzuri, ila kwa kliniki inayoanza, AS-20 inatosha.

Kiswahili cha hojaji

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya kutafsiri chochote, waandikie wenye hojaji uulizie kama lipo toleo la Kiswahili na masharti yake ni yapi. Karatasi uliyorushiwa kwenye kundi la WhatsApp bila jina la aliyeitafsiri, achana nayo.

Kama unalazimika kutafsiri, utaratibu unajulikana. Watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, mmoja awe wa afya na mwingine asiwe. Wakutane, wagombane, watoke na toleo moja. Mtu wa tatu ambaye hajawahi kuiona hojaji ya asili alirudishe Kiingereza. Mlinganishe, mrekebishe, mjaribu kwa wagonjwa. Msiruke hatua kwa sababu tu kila mmoja wenu anajua Kiingereza. Huyo ndiye mwenye hatari zaidi, kwani anaelewa sentensi mbovu kwa kuwa anaikumbuka ya asili.

Mtego wa kwanza uko kwenye majibu yenyewe. Wengi huandika "kamwe" kwa jibu la mwanzo, lakini neno hilo linataka kitenzi kilichokanushwa. "Ninajali watu wanafikiri nini kuhusu macho yangu: kamwe" si Kiswahili, na mgonjwa hubaki akikutazama. Andika "haitokei kabisa". Kisha kuna "mara kwa mara": kwa mmoja ni nyingi, kwa mwingine ni za hapa na pale. Liondoe kabisa kwenye fomu. Ngazi ninazozipendelea ni hizi: haitokei kabisa, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, kila wakati. Hata "mara nyingine" nimeliacha, kwa kuwa linaweza kusikika kama "siku nyingine".

Mtego wa pili ni neno "macho". Ukisema "kwa sababu ya macho yangu", wengi husikia uoni. Mama mmoja aliwahi kunijibu, "Macho yangu hayana shida mwanangu, naona mpaka sindano," na akaniwekea haitokei kabisa kwenye sentensi zote za upande wa jamii. Nilipomweleza kuwa nauliza jinsi macho yanavyoonekana na yanavyokaa, majibu yote yaligeuka. Tangu hapo utangulizi wa fomu unasema wazi: "Tunaposema macho yako, tunamaanisha jinsi yanavyokaa na kuonekana, na pia jinsi yanavyofanya kazi."

Mahali pengine Kiswahili kina neno zuri kuliko kile tunachokiandika. Ile hali ya kuhisi kila jicho mtaani linakutazama wewe, watafsiri hujaza mstari mzima kuieleza: "ninakuwa na hisia za kujitambua kupita kiasi mbele za watu". Mtu wa Temeke anasema "najishtukia". Basi. Liandike hilo. Na "kujiona duni" linaeleweka, ila wapo wanaoelewa haraka zaidi ukisema "najiona mnyonge mbele ya wenzangu".

"Kukadiria umbali" linahitaji kuteremka barabarani. Mifano mitatu inatosha: kumimina chai kikombeni bila kumwaga, kuruka mtaro, kushuka daladala inayojongea. Ila mfano usiwe mzito kuliko swali. Ukiweka bodaboda, mtu ataanza kukuhadithia ajali ya shemeji yake.

Kusoma nako si kusoma vitabu peke yake. Ukiuliza kama anaepuka kusoma, muuza samaki wa Feri atakwambia yeye si msomaji, na utamhesabu kama asiye na tatizo. Taja ujumbe wa simu, namba za kutuma pesa, risiti, Biblia au Msahafu. Kwa asiyejua kusoma kabisa acha sentensi hiyo wazi, usimbunie jibu. Vivyo hivyo usiandike "hobi". Andika "mambo unayopenda kufanya ukiwa na nafasi".

Mwisho, jina la hali yenyewe. "Makengeza" ni neno sahihi, lakini kuna waliokua wakiitwa "kengeza" shuleni badala ya majina yao. Kwenye kichwa cha fomu andika "mpangilio wa macho", na umwachie mgonjwa aamue ataliitaje jicho lake. Akisema kengeza, nawe sema kengeza.

Jaribu na watu wachache kabla ya wengi

Tafuta watu watano mpaka kumi wenye makengeza, wa rika na elimu tofauti, wa Masaki na wa Gongo la Mboto. Kila mmoja asome sentensi kisha akueleze kwa maneno yake imeuliza nini. Usimuulize "umeelewa?" kwa sababu jibu la swali hilo ni ndiyo, siku zote. Sentensi inayoelezwa tofauti na watu wawili irudi mezani.

Siku ya kuuliza

Hojaji itolewe kabla ya dawa ya kutanua mboni. Linaonekana jambo dogo, mpaka umkute mtu ameshikilia fomu urefu wa mkono, haoni herufi, na anajaza tu ili aondoke. Chapa maandishi makubwa, saizi 16 hivi.

Anayeuliza asiwe daktari atakayempasua. Hili ningeliandika ukutani. Mgonjwa aliyekwisha pasuliwa hatamwambia mpasuaji wake kwamba bado anajishtukia, atasema anashukuru. Na si kwa daktari tu. Salamu zetu zenyewe zimetufundisha kujibu vyema kabla ya kusema ukweli. Unamwambia "Shikamoo mama", anaitikia "Marahaba mwanangu". Unamuuliza habari za nyumbani, nzuri. Za kazi, nzuri. Na miguu iliyomleta kwa fimbo, nzuri, namshukuru Mungu. Ukiingia kwenye sentensi ya kwanza bila kukata mkondo huo, utapata "haitokei kabisa" ishirini. Mimi husimama kidogo nikasema: "Mama, sasa naomba tuongee kama vile hatujasalimiana. Hapa hakuna jibu zuri wala baya." Wengi hucheka, na mkondo unakatika.

Anayejua kusoma ajaze mwenyewe, peke yake. Asiyejua asomewe, lakini andika kwenye fomu kuwa amesomewa, kwa sababu majibu ya ana kwa ana huwa laini kuliko ya kalamu, hasa yale ya aibu. Na kila anapopimwa atumie njia ileile. Ukimsomea kabla ya upasuaji na kumpa kalamu baada yake, hutajua kilichobadilika ni maisha au ni njia. Kwa wasiosoma hutumia picha ya glasi tano, ya kwanza tupu na ya tano imejaa. Tupu ni haitokei kabisa, iliyojaa ni kila wakati. Ajaribu kwanza kwa swali lisilohusika, kama "Huwa unakula ugali?", uhakikishe ameshika mwelekeo.

Aliyemsindikiza ni suala jingine. Mume, mama mkwe au kaka hujibu kwa niaba yake, tena kwa upendo. "Baba, tunaomba utusubiri hapo nje kidogo, tukimaliza tutakuita." Hakuna atakayekasirika. Kama chumba ni kimoja na mabenchi yamejaa watu mpaka mlangoni, afadhali fomu ijazwe chini ya mwembe uani kuliko mbele ya foleni.

Andika pia kama anavaa miwani ya prizimu siku hiyo. Inabadilisha sana upande wa utendaji.

Hesabu

Haitokei kabisa ni 100, mara chache 75, wakati mwingine 50, mara nyingi 25, kila wakati 0. Alama ya juu ni maisha mazuri zaidi. Chukua wastani wa sentensi zilizojibiwa. Iliyoachwa wazi haihesabiwi, si sifuri.

Tumchukue mgonjwa wa kubuni. Upande wa jamii amejibu kila wakati mara 3, mara nyingi mara 4, wakati mwingine mara 2, mara chache mara 1. Hiyo ni 0 + 100 + 100 + 75, jumla 275, gawanya kwa 10: 27.5. Upande wa utendaji amejibu haitokei kabisa mara 5, mara chache mara 3, wakati mwingine mara 1, na moja ameiacha. Ni 500 + 225 + 50, jumla 775, gawanya kwa 9: 86.1.

Ukichanganya zote 19 unapata kama 55, na alama hiyo haimwelezi mtu yeyote. Inasema yuko katikati, wakati utendaji wake hauna shida kubwa na mahusiano yake na watu yameungua. Kwa hiyo ripoti alama mbili, usiripoti moja. Ukimkuta mwingine ameigeuza, utendaji 30 na jamii 85, huyo huenda anaona viwiliviwili na hajali sana sura. Mahitaji yao hayafanani hata kama pembe ni ileile.

Mwaka 2012 watafiti waliichambua upya hojaji hii kwa mbinu ya kitakwimu iitwayo Rasch, wakabaki na sentensi 18 katika makundi manne: jinsi mtu anavyojiona, mahusiano na watu, kusoma, na utendaji wa jumla. Ukitumia mtindo huo, alama hutoka kwenye majedwali yake maalumu, si kwa wastani wa kawaida. Kwa kliniki, mtindo wa makundi mawili unatosha. Kwa tasnifu, msimamizi wako atakudai ule wa mwaka 2012, na atakuwa na haki.

Kupima tena, na nini ni mabadiliko ya kweli

Mtu yuleyule akijaza leo na wiki ijayo, alama hazitalingana hata kama hakuna kilichobadilika. Watafiti walipima mtikisiko huo mwaka 2010, wakapata kwamba upande wa jamii tofauti inabidi ipite takriban alama 18, na wa utendaji takriban 20, ndipo useme mtu huyu amebadilika.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Wiki ya sita baada ya upasuaji upande wa jamii umefika 40. Umepanda 12.5, na mtu angetamani kuandika "amepata nafuu". Bado. Baada ya mwaka amefika 62.5, yaani amepanda 35. Sasa andika. Hali hiyo si ya ajabu: jicho hunyooka siku moja, lakini aliyezoea kuangalia chini kwa miaka ishirini hujifunza polepole kuinua uso. Kwa hiyo pima kabla ya upasuaji, wiki ya sita na mwaka mmoja. Ukiishia wiki ya sita utaipunja kazi yako mwenyewe.

Na wapo ambao jicho limenyooka, prizimu chini ya 10, na alama haikusogea. Usiwaambie hawana shukrani. Tazama kama wameanza kuona viwiliviwili baada ya upasuaji, kama kuna kasoro nyingine usoni, na hasa kama wana sonona. Hojaji ya sonona PHQ-9 ina maswali 9 na humalizika kwa dakika chache. Akijibu kwamba amewaza kujidhuru, kliniki ya macho inaahirishwa, na anasindikizwa mpaka idara ya afya ya akili siku hiyohiyo. Asiachiwe karatasi ya rufaa mkononi.

Alama ya chini pia ni hoja mbele ya wanaosema upasuaji wa makengeza kwa mtu mzima ni urembo. Kwenye barua ya rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT, usiandike tu "jicho limetoka nje prizimu 40". Ongeza: "Upande wa jamii 27.5 kati ya 100. Amekataa kazi ya kaunta kwa sababu ya macho." Msomaji wa barua hiyo ataisoma hadi mwisho.

Ukitaka kuchapisha

Kipimo cha kawaida cha kliniki ni kimoja, utafiti ni kingine. Utafiti unapitia kamati ya maadili ya taasisi yako, na kibali cha kitaifa hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa toleo jipya la Kiswahili, kusanya watu 100 au zaidi kama unaweza, wapime baadhi yao mara mbili kwa tofauti ya wiki mbili hivi, na uwe na kundi la wenye macho yaliyonyooka la kulinganisha. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi sentensi za kundi moja zinavyokubaliana, ifike 0.7 angalau kwa kila kundi la sentensi, lakini ikipita 0.95 usishangilie: huenda sentensi zako zinauliza jambo lilelile kwa mavazi tofauti.

Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fomu zipewe namba badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na watu ikae kabati jingine lenye kufuli. Picha za macho zisikae kwenye simu yako. Nimeziona zikitumwa kundini "kwa ajili ya kujifunza", uso mzima, na mwenye uso alikuwa jirani wa mmoja wetu.

Namba ya simu ya mgonjwa iombe mbili, yake na ya ndugu. Mwaka mmoja Dar ni mrefu: mtu hubadili laini, huhama Tandika akaenda Chanika. Siku ukimpigia umwite kwa kipimo cha mwisho, usianze kwa kuuliza macho yanaendeleaje, maana atakujibu nzuri.